SOMO: Kuomba ufadhili EARTH, chuo kinachowakopesha wanafunzi mtaji

Wadau, habari za jioni. Vijana wengi wenye vibiashara vyao wananiuliza ufadhili gani unawafaa. Leo nachukua EARTH ya Kosta Rika, maana pale biashara haiishii ubaoni.

Chuo kipo Guácimo, mkoa wa Limón, na kilianza kufundisha mwaka 1990. Shahada ni ya sayansi ya kilimo, miaka 4. Wanafunzi wanaunda kampuni ndogo kwa vikundi, wanaandika andiko la mradi, chuo kinawakopesha mtaji, wanazalisha na kuuza, kisha wanarudisha mkopo na riba. Faida inayobaki wanagawana.

Hatua ya 1: Daftari la hesabu za biashara yako
Hii ndiyo wengi wanairuka, wanakimbilia insha. Kuna binti alinitumia insha yake, kurasa mbili za "nina ndoto ya kuinua wakulima". Nikamwuliza, mdogo wangu, umewahi kufuga nini? Akapiga picha daftari la shule, limepauka, lina doa la mafuta ya taa. Vifaranga 50 kwa 2,000: 100,000. Chakula: 180,000. Pembeni kwa kalamu nyekundu: "38 wamekufa, kideri. Sikuchanja." Waliobaki 12 aliuza 15,000 kila mmoja, akapata 180,000. Hasara laki moja. Nikamwambia insha yako ndiyo hii. Alikuwa anaificha kwa aibu!

Kwa hiyo andika mlichonunua, mlichouza na kilichoharibika. Kama hukuwa na daftari, anza leo.

Hatua ya 2: Vyeti
Cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa usajili wa Tanzania), vyeti vya shule, pasipoti. Jina lisomeke vilevile kote; "Mohamed" huku na "Muhammad" kule ni usumbufu wa miezi.

Hatua ya 3: Insha
Igeuze hesabu ya daftari kuwa hadithi: nini kilitokea, ulibadilisha nini mzunguko uliofuata. Usikodi mtu akuandikie.

Hatua ya 4: Usaili
Watakuuliza juu ya hiyohiyo insha. Aliyeandikiwa hukwama hapa.

MASWALI

Mama Kuku: Shikamoo mwalimu. Wanafundisha kwa Kiingereza?
Jibu: Marahaba. Hapana, ni Kihispania. Asiyekijua anaanza na kozi ya lugha.

Kijana wa Ilula: Kaka, ufadhili unalipa kila kitu?
Jibu: Upo kamili na upo wa sehemu. Wapo Waafrika waliosomeshwa pale na Mastercard Foundation. Barua ikija, soma mstari wa nauli na wa matumizi kabla hujauza mbuzi wa mzee.

Fundi Simu: Mimi natengeneza simu, shamba sitaki hata kulisikia.
Jibu: Basi EARTH usiombe, pale wanafunzi wanashika jembe kweli. Tazama Ashesi, chuo kikuu kilichopo Berekuso, Ghana, kilichoanzishwa na Patrick Awuah mwaka 2002. Wana kompyuta, uhandisi na biashara, na ujasiriamali unaanza mwaka wa kwanza.

Mdogo wa Form Six: Kuna mtu anataka 150,000 aniombee nafasi.
Jibu: Usimpe. Fomu ipo kwenye tovuti ya chuo, ijaze mwenyewe. Hiyo hela kanunue vifaranga, na safari hii uchanje.