Bonsai ya junipa inageuka rangi? Tizama kwanza imeanzia wapi

Wengi wakiona junipa yao ya bonsai, yaani mti unaofugwa mdogo kwenye chungu, inakuwa manjano wanakimbilia kata ya maji, na mara nyingi hayo maji ndo yanayoumaliza mti. Nakuombeni sana, kabla ya maji, mbolea au dawa, tizameni rangi imeanzia sehemu gani ya mti, maana junipa inachelewa kusema, mizizi inaweza kuwa imeshakufa na majani yakabaki kijani wiki kadhaa.

Yakikauka ya ndani tu, yale ya karibu na shina yasiopata jua, na ncha za nje ziko kijani safi, hayo si maradhi, yapukutishe taratibu kwa vidole hewa ipite. Ncha zikiwa hudhurungi na juzi juzi ulipita na mkasi, basi ni mkasi, ukikata majani katikati pale palipokatwa panaungua, fata kijitawi mpaka kinapoanzia ukate hapo. Na mti wa majani laini ukianza kutoa majani ya miba, ujue umekatwa sana, wacha upumzike.

Ila mti mzima ukififia, kijani kikapauka kuelekea kijivu, hapo kaa nao. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, litikise tawi kwa nguvu, halafu usiwe na haraka, isubiri karatasi kama nusu dakika hivi. Ukiona chembe ndogo mithili ya pilipili manga iliyosagwa zinaanza kutembea, huo ni utitiri, unafyonza maji ya majani. Unapenda joto na ukavu, kwa hivo wakati wa kaskazi ndo wake, hasa kwa miti inayokaa chini ya paa isikopigwa na mvua. Piga maji ya mpira kwa nguvu kutokea chini ya majani, rudia kila baada ya siku tatu nne kwa wiki mbili kwa sababu mayai yanabaki na yanaangua. Ukitaka kutia sabuni kidogo tia, lakini jioni, usithubutu jua la mchana.

Karatasi ikiwa safi, nenda kwenye chungu. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini, kiache dakika kumi ukitoe unuse. Kikitoka kimerowa na kina harufu ya kuoza wakati hujamwagilia tokea juzi, mizizi inakosa hewa, na hili ndo tatizo kubwa kwetu wakati wa masika, hasa mti ukiwa umepandwa kwenye udongo wa kinamo unaoshika maji. Utoe, kata mizizi myeusi iliolainika, uupande kwenye vipande vidogo vya matofali ya kuchoma vilivyochekechwa vumbi lote, uueke penye kivuli chepesi. Hapo mbolea hapana kabisa.

Masika hayo hayo kuna kuvu inaingia kwenye ncha changa, zinakufa zinakuwa rangi ya jivu, na pale jivu linapokutana na kijani unaona vidoa vyeusi. Kata siku kavu, futa mkasi kwa spiriti kila tawi, ulivyokata vichome moto.

Walioko pwani ya Unguja, Paje, Jambiani, Makunduchi, wao watizame chumvi kwanza. Ncha zinaungua zaidi upande unaopigwa na upepo wa bahari, na ukitumia maji ya kisima yenye chumvi utaona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu. Kinga maji ya mvua, mwagia mpaka yamiminike chini, rudia mara mbili tatu chumvi itoke.

Kuna na joto la chungu. Junipa za Japani na China zimezoea msimu wa baridi kila mwaka, na hata mwangati, junipa yetu ya asili ya Usambara na Meru, ni mti wa milimani, sasa ukiueka kwenye chungu cheusi cha plastiki juu ya dari ya saruji mizizi inapikika. Majani yapate jua, chungu ndo kifunikwe, hata kwa gunia bichi. Kuuingiza ukumbini siyo dawa, ndani unakufa pole pole.

Tawi ambalo huna hakika nalo, likwaruze ganda kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, lipo hai, lisubiri. Pakiwa hudhurungi pakavu, likate, kwa sababu junipa haichipui tena kwenye tawi lililoisha majani yote, na ndo maana hata ukipogoa tawi zima lazima uliachie kijani kidogo. Mbolea irudishe, tena nyepesi, siku utakapoona ncha mpya zinang'aa.