Kabla ya kuandika pendekezo la utafiti wa betri, pima ndoo moja

Wanafunzi wa chuo wanaofika kibandani kwangu Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta mada ya utafiti huja na swali lilelile: betri za lithiamu zikishakufa, zinayeyushwaje? Siwajibu. Nawapa kigoda, mita ya kupimia volti na ndoo ya betri chakavu za laptop na taa za sola, nawaambia waanze na hizo. Nusu yao hawarudi kesho yake. Haya ndiyo ninayowafundisha wanaorudi.

Vua pete na saa. Mimi nina kovu la mviringo kwenye kidole, na sikulipata kwa nyundo. Seli za laptop, yaani vibetri vilivyomo ndani ya betri moja, hizi za 18650 (kipenyo milimita 18, urefu milimita 65), ganda lake lote ni hasi na linapanda hadi ukingoni mwa kichwa cha chanya. Kinachozitenga pande hizo mbili ni kiplastiki chembamba tu. Pete ikigusa pande zote mbili, inakuwa waya. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, vaa miwani, na betri yoyote iliyovimba itoe nje, isilale ndani. Kuna wanaozitumbukiza kwenye maji ya chumvi ili zitoe chaji yote. Mimi sishauri: vichwa hushika kutu kabla chaji haijaisha, halafu unabaki na maji machafu usiyo na pa kuyamwaga.

Sasa tenga aina. Iliyoandikwa volti 3.6 au 3.7 kwa kawaida ina kobalti au nikeli, na hujazwa hadi 4.2. Iliyoandikwa 3.2 ni ya chuma na fosfeti. Hiyo mwisho wake ni 3.65, ukiipeleka 4.2 unaiua. Ndizo zimejaa kwenye taa za sola na bodaboda za umeme, kwa sababu zinadumu na haziwaki ovyo kama zile nyingine. Hapo tayari una mada ya kwanza. Mwenye kiwanda anafuata kobalti, ile inayochimbwa Kolwezi kule Kongo. Seli ya 3.2 haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo chakavu chake mara nyingi hakimlipi mtu. Betri bora kwa mtumiaji ndiyo isiyotakiwa na mnunuzi wa chakavu. Nani atagharamia kuikusanya vijijini? Hilo ni swali la uchumi kama lilivyo la kemia, na mimi naona ni zito kuliko la tanuri.

Pima volti za kila seli, moja moja, na uandike namba kwenye ganda kwa kalamu ya wino mzito. Mkoba wa betri ya laptop wenye seli sita ukisema umekufa, mara nyingi waliokufa ni wawili, na wanne wanasubiri kuzikwa nao. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 usiifufue hata ikikubali chaji. Ndani yake shaba ya upande wa hasi imeanza kuyeyukia kwenye kimiminika, na ukiichaji shaba hiyo hujijenga upya pasipo pake, ikaweza kuunganisha chanya na hasi. Itakaa kimya mwezi mzima, kisha iwake usiku.

Zilizobaki zichaji hadi mwisho, ziache wiki mbili kwenye rafu, upime tena. Ya 3.7 iliyoachwa na 4.2 ikabaki juu ya 4.1, naiamini. Kisha ishushe kwa nusu amperi hadi volti 3, ukihesabu saa. Ikichukua saa nne, ina kama mAh 2000 (miliamperi-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na seli). Pima na ukinzani wa ndani, maana seli inaweza kuwa na ujazo mzuri lakini ikapata moto ukiipa mzigo.

Umeona tatizo lilipo? Saa za kujaza, saa za kushusha, wiki mbili za kungoja, kwa seli moja ambayo mpya wala si ghali. Ndiyo maana nzima zinatupwa pamoja na mbovu. Atakayenipa njia ya kuijua seli kwa dakika tano, kwa kifaa ambacho fundi wa Gerezani anaweza kukinunua, atakuwa amefanya kazi kuliko wanaonipa hotuba. Hiyo ndiyo mada ninayoiweka mbele ya zote.

Unapobomoa mkoba, washa saa ya simu. Andika dakika ngapi zilikwenda kwenye gundi, ngapi kwenye vibati vilivyochomelewa. Ukimwonyesha mbunifu namba hizo, ataelewa haraka kuliko ukimlalamikia.

Mwenye maabara aende kwenye uyeyushaji. Kwenye tanuri, kobalti, nikeli na shaba hupatikana, lakini lithiamu huishia kwenye takataka ya juu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka asilimia 50 ya lithiamu irudishwe ifikapo mwisho wa 2027, na 80 mwisho wa 2031, kwa hiyo njia ya tindikali, ya kuyeyusha kwa asidi badala ya moto, inachunguzwa sana. Wewe uliza pia maji ya tindikali yanakwenda wapi. Betri za risasi, zile za magari, zilitufunza: risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, mkaa unatosha, na inalipa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuziyeyusha kilikuwa ubavuni mwa nyumba za watu, na watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Ukija, njoo Jumanne na daftari lako mwenyewe. Jumamosi wateja ni wengi, na mita ni moja.