Andaa bustani yako kabla joto la msimu wa kaskazi halijaanza kuchoma

Wanaolima mboga nyuma ya nyumba hapa Dar mnajua, vuli ikinyesha kila mtu ni mkulima, mchicha unapendeza hadi majirani wanaomba, alafu ikifika katikati ya Januari tuta limebaki vijiti tu. Mi kwa miaka niliyohangaika nayo naona kazi ya kiangazi inafanyika Novemba, Januari unabaki kumwagilia na kuchuma.

Anza na maji, kabla hata ya pakiti ya mbegu. Piga hesabu hivi, joto likikolea mita moja ya mraba inakunywa kama lita 5 kwa siku, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha mita 4. Kama una mita 12 hizo ni ndoo 3 kila siku, sasa mgao ukikata siku nne unatakiwa uwe na lita 240, yaani pipa moja la lita 200 na madumu mawili, pembeni kabisa na maji ya kupikia maana mama watoto hatakuelewa ukimwaga maji ya chai kwenye bamia. Kama huna pa kuyaweka punguza tuta, bora mita 4 unazokula kuliko 12 zinazonyauka. Na wenye visima onjeni kwanza, maji ya chumvi yanaacha utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinaungua, mchicha unavumilia kidogo ila maharage hapana kabisa.

Alafu udongo. Mchanga wetu huu haukai na maji, unamwaga yanapita yanaenda zake, unahitaji samadi nyingi iliyooza. Iliyooza, narudia. Mwaka mmoja nilibeba viroba viwili vya mbolea ya kuku bado inanuka nikaichanganya na kupanda siku hiyohiyo, jua lilivyowaka miche yote ikaungua kama imemwagiwa maji ya moto, nikakaa pale najuta. Sasa naiacha kwanza hata miezi miwili, naichanganya kwenye tuta wiki mbili kabla. Na tuta lenyewe kipindi hiki usilinyanyue, lichimbe lizame kidogo chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, masika ikikaribia ndo unanyanyua.

Matandazo ndo siri yenyewe na ndo watu wanayadharau! Kusanya mapema nyasi kavu, majani ya migomba, pumba za mpunga, chochote kilichokauka, tandaza unene wa vidole vinne, acha nafasi kidogo kwenye shina lisioze. Weka kiganja chini yake saa nane mchana ukisikie kilivyo na ubaridi alafu shika udongo ulio wazi pembeni, utaelewa. Ila nyasi zenye mbegu usilete, utapalilia hadi uchoke, na ukiona mchwa badilisha.

Cha kupanda pia chagua kwa akili. Bamia, matembele, mlenda, kunde na mchicha hazina shida na jua. Nyanya zinasumbua, joto likizidi hasa usiku maua yanadondoka bila kufunga, kwa hiyo usishangae mti mkubwa hauna kitu. Kabichi waachie watu wa Lushoto.

Miche midogo iwekee kichanja cha makuti yaliyoachana achana au shedineti, ule wavu wa kivuli, na kumbuka Desemba jua linapita upande wa kusini, ule ukuta uliokuwa na kivuli mwezi wa sita sasa ndo unawaka. Wenye kupanda kwenye ndoo na viroba visogezeni visikae juu ya zege tupu, mizizi inapikwa.

Wadudu, ukavu unaleta utitiri, geuza jani uangalie chini kila siku mbili tatu, nyunyiza maji chini ya majani, mwarobaini na sabuni kidogo unasaidia ukiwahi. Kantangaze, yule kiwavi anayechimba ndani ya majani, akishaingia kwenye nyanya kata majani yenye vijia uyatoe kabisa nje ya bustani. Na ukimwagilia kwa mpira mwaga kwanza yale maji yaliyolala juani, yanaunguza kweli.

La mwisho, ninyi mnaopanda basi kwenda Moshi Krismasi. Wiki mbili hizo ndo bustani nyingi zinakufa. Usimwachie dada maneno matupu "uwe unamwagilia", muoneshe asubuhi moja ndoo ngapi, tuta lipi, kabla ya saa moja na jioni jua likishuka, alafu mwambie mboga zote za hizo wiki mbili achume yeye, utakuta bustani imependeza kuliko ulivyoiacha.