Somo: Tovuti ikikataa kukuingiza, futa data yake peke yake

Naandika hapa mara moja ili swali likija tena niwaelekeze huku. Unaweka nenosiri sahihi, ukurasa unazunguka, kisha unarudishwa palepale pa kuingilia bila kuambiwa kosa. Mwezi wa Juni, watu wakikimbizana na tarehe 30 kujaza ritani za KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), swali hili haliishi.

Ukiingia, tovuti huacha kidakuzi (cookie) kwenye kivinjari (browser), yaani kifaili kidogo chenye namba ya kikao chako. Namba ikipitwa na wakati au ikigongana na ya zamani, seva (kompyuta inayoendesha tovuti) haikutambui tena. Hapo nenosiri halina kosa, kwa hiyo acha kulibadilisha badilisha; utafungiwa akaunti bure.

1. Weka tarehe na saa ziwe za otomatiki, saa za Nairobi.

2. Jaribu kuingia kwa dirisha fiche (incognito). Ikikubali, shida ni data iliyohifadhiwa au kiendelezi (extension). Ikikataa hata humo, usifute chochote: kagua nenosiri, mtandao, au ngoja tovuti itulie.

3. Futa data ya tovuti hiyo pekee. Chrome ya simu ya Android: nukta tatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, tovuti zote, tafuta jina, futa. Firefox ya kompyuta: bofya kufuli kando ya anwani, chagua kufuta vidakuzi na data ya tovuti.

Tafadhali msikimbilie Ctrl+Shift+Delete na kuchagua "muda wote". Ukifuta vidakuzi vyote utatolewa karibu kila mahali, na WhatsApp ya kwenye kivinjari (WhatsApp Web) itataka uiunganishe upya. Hilo linavumilika. Hatari yenyewe ni kisanduku cha manenosiri. Ukikitia tiki huku Chrome ikisawazishwa na akaunti yako ya Google, manenosiri yanafutika kwenye kompyuta, kwenye simu na kwenye kila kifaa kilichounganishwa, na hakuna kitufe cha kuyarudisha. Soma kila kisanduku kabla ya kubofya. Hakikisha pia laini uliyosajilia akaunti iko hewani, maana huenda ukatumiwa namba ya kuthibitisha kwa SMS.

4. Funga vichupo (tabs) vyote vya tovuti hiyo, kisha andika anwani upya kwa mkono. Alamisho (bookmark) ya zamani inaweza kukurudisha kwenye kikao kilichokufa.

MASWALI

Karis_Umoja: Nimefuta kila kitu na bado. Nisaidie haraka.

Jibu: Hatua ya 2 ilileta nini?

Karis_Umoja: Hiyo niliruka.

Jibu: Basi irudie. Ni nusu dakika. Kisha uniandikie ujumbe wa kwenye skrini, neno kwa neno.

Mama Tasha: Mimi naona kosa la 400, inasema vidakuzi ni vikubwa mno. Vinakuaje vikubwa?

Jibu: Umeuliza vizuri, Mama Tasha. Kila unapofungua ukurasa, kivinjari hutuma vidakuzi vyote vya tovuti hiyo kwa pamoja. Kimoja hakizidi kilobaiti 4 hivi, lakini vikirundikana vinapita kikomo cha seva, ambacho kwa nyingi ni kama kilobaiti 8. Hapo seva inakataa hata kabla ya kuangalia nenosiri. Fanya hatua ya 3, ila tafuta jina kuu la tovuti na ufute pia tovuti ndogo zilizo chini yake, kwa sababu zinaweza kutumia vidakuzi vilevile. Vikirundikana tena baada ya siku chache, waandikie wenye tovuti. Kosa ni lao.

Saiba_Ngara: Kompyuta moja ya saiba yangu kila asubuhi tarehe inarudi nyuma miaka, wateja wanaambiwa tovuti si salama.

Jibu: Betri ya ubao mama imekwisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032. Zima, chomoa waya wa umeme, weka mpya upande wa jumlisha ukitazama juu, kisha urekebishe saa. Cheti cha tovuti (kinachothibitisha kuwa ndiyo halisi) kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikiwa nje ya hizo, kivinjari kinakataa. Na kwa kuwa mashine zako ni za wateja, kwako ni sawa kivinjari kifute vidakuzi vyote kila kinapofungwa. Ni kinga kwa anayesahau kutoka kwenye akaunti yake.

Otis: Yangu ni programu ya simu. Nifute data yake?

Jibu: Anza na kache (mafaili ya muda) pekee. Ukifuta data yote, programu inaanza kama imewekwa leo. Ile ya kutoa misimbo ya uthibitishaji usiiguse kabla ya kuhifadhi nakala. Misimbo ikipotea utafungiwa nje ya akaunti zote ulizoziunganisha nayo.

Mama Tasha: Imekubali, asante sana. Sasa kijana wangu anatumia Opera Mini na yake pia inakataa.

Jibu: Ikiwa kwenye hali ya kubana data kabisa, kurasa hupitia seva za Opera kwanza ndipo zifike kwenye simu, na zile za kuingilia zenye skripti nyingi huvunjika njiani. Apunguze ubanaji kwenye mipangilio, au afungue tovuti hiyo moja kwa Chrome na kwingine aendelee na Opera Mini kuokoa bando.