Somo: Gari inanuka petroli lakini haidondoshi. Tuutafute mvuke unakotokea

Kwa joto la hapa Mtwara, petroli ndani ya tenki hutoa mvuke mchana kutwa. Mvuke huo hupita kwenye mpira hadi kwenye kanista, yaani kopo lenye mkaa unaounasa. Injini ikishapata moto, valvu ya mbele, iliyo upande wa injini, hufunguka, injini ikaunyonya na kuuchoma. Kuna valvu ya pili, ile ya nyuma, kule kwenye kanista, ya kuingiza hewa safi. Pakiachia popote katika njia hiyo, unasikia harufu, na taa ya injini inaweza kuwaka.

Kabla ya yote chungulia chini. Ukiona tone, somo hili si lako: hayo ni mafuta yenyewe yanavuja, gari isiwashwe. Kazi ifanyike nje, injini ikiwa ya baridi, bila sigara, na mbali na jiko la mama lishe.

1. Soma kodi ya hitilafu, yaani namba ambayo kompyuta ya gari huitunza taa ya injini ikiwaka; husomwa kwa mashine. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo sana, tundu la kama nusu milimita. Iandike kabla ya kuifuta. Hapa ndipo hela nyingi hupotea: mtu anaonyeshwa P0442, papo hapo anauziwa kanista. Kodi inasema mfumo hauzibi. Haisemi spea gani imekufa.

2. Mfuniko na shingo ya tenki. Kagua mpira wa mfuniko: umekauka, umepasuka, una mchanga? Kisha pitisha kidole kwenye mdomo wa shingo. Kwa sisi wa Shangani na Mikindani hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Hewa ya chumvi hula chuma, mdomo unakuwa na mashimo ya kutu, na hata ukinunua mfuniko mpya haukai sawasawa. Kutu ya juujuu ondoa kwa msasa laini wa mkono, ukiwa umeziba mdomo kwa kitambaa ili unga usiingie ndani. Halafu toa plastiki iliyo juu ya tairi la nyuma upande wa kujazia mafuta. Nyuma yake tope hushika unyevu na chumvi, bomba linaoza huku kwa nje gari inang'aa. Likishatoboka, badilisha.

3. Mipira. Ifuate kutoka injini hadi kanista, ikunje kidogo uone nyufa. Kama gari inalala karibu na ghala la korosho, tafuta alama za meno ya panya.

4. Valvu ya mbele. Washa injini, iache sailensa (iungurume bila kukanyaga mafuta), chomoa waya wa valvu na mpira unaotoka kwenye kanista. Weka kidole kwenye tundu la valvu. Bila umeme inapaswa kuwa imefunga. Ikivuta kidole, imekwama wazi. Ile ya nyuma ni kinyume: bila umeme iko wazi, ikipewa volti 12 inafunga. Vumbi la barabara huikwamisha.

5. Moshi. Kama bado hujaona, tafuta gereji yenye mashine ya moshi. Valvu ya nyuma ifungwe, moshi uingizwe kwa mgandamizo usiozidi psi 1, kisha mmulike kwa tochi muone unakotokea. Msisahau juu ya tenki, chini ya kiti cha nyuma, kwenye sili ya pampu. Kompresa ya tairi ni marufuku, inapasua kanista.

6. Kurekebisha. Mpira uwe wa mafuta, si wa maji, na klampu mpya. Silikoni ya dirisha petroli huilainisha ikabanduka. Na tenki halichomelewi likiwa kwenye gari, hata fundi akuapie kwamba ni tupu. Mvuke ndio unaolipuka.

Futa kodi, kisha endesha siku kadhaa tenki likiwa kati ya robo na robo tatu. Likijaa sana au likikaribia kuisha, kompyuta ya gari haifanyi jaribio.

Maswali ya wanachama

*Fundi, niko Masasi. Gari yangu ya Japani, taa haijawahi kuwaka ila inanuka ikipaki juani.*
Kaka, magari mengi ya soko la Japani hayana jaribio la uvujaji, kwa hiyo usiisubiri taa. Anza na hatua ya 2 na 3.

*Shikamoo fundi. Nikifungua mfuniko unapiga "psss". Ndiyo inavuja?*
Marahaba dada. Hapana, hiyo inaonyesha tenki linaziba. Ila kama linavuta hewa kwa nguvu kila mara, kagua valvu ya nyuma.

*Nikitoka sheli inagoma kuwaka mpaka nikanyage mafuta.*
Mshukiwa wa kwanza ni valvu ya mbele, imekwama wazi. Na pampu ikishakata yenyewe, usimwambie kijana aongezee kidogo. Petroli inaingia kwenye kanista.

*Hapa Lindi fundi ananishauri nitoe kanista, mpira wa tenki tuuzibe.*
Kataa. Pampu itavuta mafuta na hewa haiingii. Gari itakuzimikia njiani, tenki linaweza hata kubonyea. Mkiuacha wazi, mvuke unamwagika chini ya gari, karibu na ekzosi. Kama kanista imepasuka, tafuta ya mtumba ya gari ya aina hiyohiyo, uitikise kabla ya kulipa. Ukiona vumbi jeusi linatoka kwenye tundu, mrudishie mwenye duka.