Pasipoti yako inaisha miezi sita kabla ya tarehe iliyoandikwa

Tarehe 3 Novemba 2016, saa nane za usiku, mjomba wangu alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Alikuwa ametoka Tanga na basi mchana wake, kavaa kanzu mpya, ana sanduku lililojaa vitu vya harusi. Alikuwa anakwenda Muscat, Oman, kumwoza mwanawe wa kiume.

"Mjomba," aliniambia, maana ndivyo tunavyoitana mimi na yeye, "hawa wanasema pasipoti haifai. Mimi naisoma hapa, inaisha mwezi wa tatu mwakani. Wamekosea, zungumza nao."

Nilizungumza nao. Hawakuwa wamekosea. Pasipoti ile ilikuwa inaisha tarehe 19 Machi 2017, yaani ilibakiwa na miezi minne na siku kumi na sita. Oman inataka miezi sita. Viza alikuwa nayo na ilikuwa bado hai, kwa sababu mwanawe alimwombea mwezi wa Agosti, wakati pasipoti ina miezi saba. Kisha ukatokea msiba upande wa bibi harusi, harusi ikasogezwa, na kila wiki iliyosogezwa ilikuwa inaila pasipoti bila yeyote kuona. Ndege iliondoka bila yeye. Harusi aliitazama kwenye simu ya jirani.

Tiketi ile niliikata mimi. Kazi yangu ndiyo hiyo, nakata tiketi Kariakoo, na wakati ule nilikuwa na miaka mitano kazini. Mjomba alinitumia picha ya ukurasa wa mbele, nikanakili jina na namba, nikaiacha tarehe. Tangu usiku ule sipokei hela ya mtu kabla sijaishika pasipoti yake na kuhesabu miezi kwa vidole. Haya ninayoandika ni yale ninayowaambia wateja wangu wakiwa wamekaa mbele yangu.

Anza hivi. Toa pasipoti kabatini sasa hivi, fungua ukurasa wenye picha, tafuta tarehe ya kumalizika. Rudi nyuma miezi sita. Iliyoandikwa 20 Mei 2028, wewe isome 20 Novemba 2027. Iandike kwenye kalenda ya simu, au ukutani, au nyuma ya Msahafu au Biblia ambako familia inaandika tarehe zake. Hiyo ndiyo siku ambayo pasipoti yako inaanza kufungiwa milango, hata kama kwa macho bado nzima.

Watu huniuliza kwa nini, na swali ni la haki. Nchi inayokupokea inajua kwamba msafiri anaweza kuugua, kukosa ndege, kufiwa, au kuongezewa muda wa matibabu. Haitaki umalizikiwe na hati ukiwa ndani yake, kwa sababu mtu asiye na hati hai ni taabu kumrudisha kwao. Mzigo huo imeutupia shirika la ndege: likikuleta na hati isiyofaa, litakurudisha kwa gharama yake na linaweza kupigwa faini. Ndiyo maana kesi yako inahukumiwa Dar, Nairobi au Zanzibar pale unapokabidhi mizigo. Yule kijana wa kaunta anasoma masharti ya kila nchi kwenye mfumo wa Timatic wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Ukilia, ukimwonyesha kadi ya harusi, ukimwita meneja wake, jibu halibadiliki.

Sasa kuhesabu. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuhesabu kuanzia leo, au kuanzia siku anayolipa tiketi. Nchi nyingi za miezi sita zinahesabu kuanzia siku unayoingia kwao: Oman, Falme za Kiarabu, India. Saudia nayo inataka miezi sita kwa viza ya umra, na China miezi sita unapoomba viza. Kwa hiyo mfanyabiashara wa hapa mtaani anayekwenda Guangzhou mara tatu kwa mwaka asihesabu safari ya kwanza. Ahesabu ile ya mwisho, na siku atakayopeleka maombi ya viza yake.

Nchi za Schengen, yaani Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia na wenzao, hesabu yao inaanza mwishoni. Wanataka pasipoti iwe na miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka kwao, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Ukienda tarehe 1 Juni na kurudi tarehe 10, pasipoti ifike angalau 10 Septemba. Uturuki inataka siku 60 zaidi ya muda wa viza au ukaaji wako. Afrika Kusini siku 30 baada ya kuondoka, na kurasa tupu; mtu mwenye kitabu kilichojaa mihuri ya mipakani aangalie kurasa kama anavyoangalia tarehe. Uingereza inatosha kuwa hai kwa muda wote utakaokuwa huko.

Usiishike orodha hii ukaacha kuuliza, kwa sababu nchi hubadili masharti. Mimi mwenyewe, hata kwa safari ya Dubai ambayo nimeikata mara nyingi, naangalia upya kila mteja. Na ukiwa unabadilisha ndege mahali ambapo lazima utoke, uchukue mizigo na kuingia tena, basi nchi ile nayo imo kwenye hesabu.

Ninaomba mnisikilize hasa nyie mnaopeleka wagonjwa India. Mgonjwa anaondoka hapa kwa wiki tatu, daktari anasema kuna upasuaji wa pili, wiki tatu zinakuwa miezi minne. Na kwa kawaida kila mtu ameishughulikia pasipoti ya mgonjwa tu. Ya muuguzaji, dada au mtoto anayekaa naye hospitali, haikuangaliwa. Kwa safari ya matibabu mimi siridhiki na miezi sita. Nikiona chini ya mwaka mmoja kwa yeyote kati yao, na hali ya mgonjwa inaruhusu kungoja, nawaambia wabadilishe kwanza. Vilevile pasipoti ya mtoto iangalie peke yake. Usidhani inaisha siku moja na ya mama yake.

Kuna jambo linakuja ambalo Watanzania wengi hawajalifikiria. Pasipoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, na zinadumu miaka kumi. Zile za zamani ziliacha kutumika Januari 2020, kwa hiyo katika miaka ile miwili watu walimiminika kubadilisha. Ukiongeza kumi, unapata 2028 hadi mwanzoni mwa 2030. Ukitoa miezi sita, wa kwanza wataanza kukwama katikati ya 2027. Foleni ile ile ya kipindi kile itarudi, na watu wale wale. Majirani zetu Kenya walianza zao Septemba 2017, hivyo wao watatangulia kidogo. Kama kitabu chako ni cha 2018 au 2019 na una safari mawazoni, usingoje mwaka wenyewe ufike.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu kama karatasi zako zinasema kitu kimoja. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mzazi au kiapo, picha, na pasipoti ya zamani. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na malipo yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Hakuna sababu ya kumpa mtu fedha mkononi nje ya geti. Kisha unakwenda mwenyewe na vidole vyako.

Wanaokwama hukwamia kwenye majina. Cheti kimeandikwa Salum, NIDA imeandikwa Salumu, cheti cha shule kina Salim. Fatma na Fatuma. Mohamed, Mohammed na Muhammad. Jina la babu kwenye karatasi moja lipo, kwenye nyingine halipo. Nyumbani wote ni mtu mmoja, lakini kwenye mfumo ni watu watatu. Kurekebisha NIDA au kuapa kiapo kunachukua siku, na siku hizo ndizo zinazokula muda wako. Kwa hiyo kabla hujagusa fomu, panga karatasi zako zote mezani na usome herufi moja moja. Tena kitabu kipya kikitoka, kisome hapo hapo dirishani kabla hujaondoka. Kikitoka na herufi tofauti na ile iliyo kwenye tiketi au kwenye kadi ya homa ya manjano, utakuwa umetatua tatizo la tarehe na kununua la jina.

Na kama tiketi umeshalipa? Mpigie aliyekukatia leo, usisubiri siku ya safari. Kusogeza tarehe mapema kuna penati, lakini tiketi inabaki hai. Usipotokea uwanjani bila kutoa taarifa, tiketi nyingi za bei nafuu zinakufa na nauli yake. Mjomba alipofika kaunta na kukataliwa, nauli yote ya kwenda ilipotea. Nililipa nusu mimi, kwa sababu nusu ya kosa ilikuwa yangu. Namba ya pasipoti kwenye tiketi inabadilishwa kirahisi. Jina ndilo gumu.

Viza ni habari nyingine, inategemea aina yake. Viza ya kubandikwa ya Marekani ikiwa bado hai ndani ya pasipoti iliyoisha, unasafiri na vitabu viwili, cha zamani chenye viza na kipya. Kwa hiyo unapokabidhi kitabu cha zamani, sema wazi kwamba kina viza hai na uombe urudishiwe, na usikubali ukurasa ule ukatwe wala kutobolewa. Viza za mtandaoni zinafungwa na namba ya pasipoti. Za Dubai, kwa mfano, ukibadilisha kitabu lazima uzungumze na aliyekutolea viza kabla ya kuondoka. Usiende ukitegemea kuwaeleza huko. Mpangilio usiokuumiza ni mmoja: pasipoti, kisha viza, kisha tiketi. Najua tiketi za ofa zinaita. Acha ziite.

Kwa safari za karibu kuna nafasi kidogo. Uhamiaji inatoa hati ya dharura ya safari, na kwa mtu anayekwenda kuzika Mombasa au kumfuata mtoto Kampala, hiyo inatosha na haichukui muda mrefu. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakivukiana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Sisi Watanzania tusijihesabu humo, nimeona watu wakirudishwa mpakani kwa kuisikia habari hiyo nusu.

Walioko nje tayari, Muscat, Dubai, London, Toronto, ushauri wangu ni kuanza na ubalozi miezi tisa kabla ya tarehe. Huko pasipoti imeshikana na kibali cha kukaa, na kibali nacho kimeshikana na mshahara, simu na akaunti ya benki. Dada yangu mmoja aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Ghuba, pasipoti yake ilikaa na mwajiri. Tarehe alikuwa haijui. Basi piga picha ukurasa wenye picha yako na ukurasa wa viza kabla hujatoka nyumbani, mtumie mtu mmoja unayemwamini na umwambie azihifadhi. Kama muda umeshaisha na unataka kurudi tu, ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kurejea. Hiyo ni ya kurudi nayo, na safari yako nyingine itaanzia Uhamiaji.

Mjomba alipata kitabu kipya Desemba ile ile, akaenda Muscat Februari 2017. Mkwewe alimvalia nguo ya harusi wakapiga picha upya sebuleni, watu sita. Pasipoti anayotumia sasa, ya kielektroniki, aliichukua Juni 2019. Kwenye daftari langu la kaunta, mbele ya jina lake nimeandika Desemba 2028.