Kuanza Mbio za Magari za Mtandaoni Ukiwa Zanzibar: Usukani, Siti, Breki na Intaneti

Vijana wengi wa Unguja na Pemba wanaonijia kutaka kuanza mbio za mtandaoni huwa na swali moja: ninunue usukani gani? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kinachomfanya mtu aende kasi ni breki anayoiamini na pahala pa kukaa pasipoyumba, na hivyo viwili mafundi wetu wa mtaani wanavimudu vizuri. Usukani unafuata.

Hatua ya 1: Jua utachezea kwenye mashine gani

Usukani mmoja hauingii kila mashine. Logitech G29 ni ya PlayStation na kompyuta. G920, inayofanana nayo sana kwa umbo, ni ya Xbox na kompyuta. Muuzaji asikwambie ni mamoja.

Kwa mwenye kompyuta, mwanzo mzuri ni gemu la Assetto Corsa la 2014, maana inakwenda hata kwenye laptopu yenye kadi ya picha kama GTX 1050 na RAM ya GB 8. Assetto Corsa Competizione ya 2019 inataka mashine yenye nguvu zaidi. Kwa mwenye PlayStation, Gran Turismo 7 inatosha kabisa, ila kushindana na wenzako mtandaoni kunataka ulipie PlayStation Plus, na gemu lenyewe linapita GB 100. Lipakue kwenye intaneti isiyopimwa, usithubutu kwa bando la siku. Mbio zenyewe hazili data nyingi; kinacholiza ni kupakua gemu na masasisho yake.

Hatua ya 2: Usukani wa kwanza

Achana na sukani za springi zinazozunguka digrii 180 na kutetema tu. Unaoutaka ni wenye mota ndani, unaokusukuma mkono pale tairi zinaposhika lami na kulegea zinapoanza kuteleza. Hapo ndipo unapolisikia gari. Zipo zinazoendeshwa kwa gia za ndani, kama G29 yenye digrii 900. Zipo za mkanda. Na zipo ambazo mota imeungwa moja kwa moja na mhimili wa usukani, kama Fanatec CSL DD na Moza R5. Hizo za mwisho ni tamu, lakini kwa anayeanza naona G29 iliyotumika, iliyo nzima, inatosha. Pesa inayobaki ina kazi hatua ijayo.

Ukinunua iliyotumika, iwe imekuja kwa boti kutoka Dar au imeletwa na mtu kutoka Dubai, nenda na laptopu. Ichomeke kwenye umeme na kwenye laptopu: usukani mzima hujizungusha wenyewe kulia na kushoto, kisha hutulia katikati. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, uchague usukani na ubonyeze Properties uone mistari ya pedali. Kanyaga breki polepole mpaka mwisho. Mstari usogee kwa utulivu, na ukiachia urudi mwanzo. Ukirukaruka, kihisio kimeshika vumbi au kutu, jambo la kawaida kwa hewa yetu ya chumvi. Mara nyingi husafishika kwa kontakti klina, ile dawa ya kupulizia viungo vya umeme, lakini bei ishuke kwanza.

Soma na kibandiko cha adapta. Kikisema 100–240V, hakina neno. Kikisema 110V au 120V peke yake, usikichomeke kwenye umeme wetu wa 230V.

Hatua ya 3: Siti na fremu

Hapa ndipo ninapomsihi mtu asibane mkono. Breki ya G29 ina kipande cha mpira ndani kinachoifanya iwe ngumu, na ugumu huo ndio faida yake: mguu hukumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali. Lakini ukikanyaga kwa nguvu huku umekalia kiti cha plastiki juu ya sakafu ya saruji, kiti kinarudi nyuma na pedali zinakimbia mbele. Mguu hauwezi kujifunza kitu hapo.

Nenda gereji yoyote inayokata magari mabovu, uulize siti ya mbele ya Noah au Vitz pamoja na reli zake za kusogezea. Kisha mwone fundi wa kuchomea anayetengeneza mageti na madirisha. Mwambie unataka fremu ya paipu za mraba: siti nyuma, meza ya usukani katikati, na ubao wa pedali mbele ulioinuka kidogo upande wa vidole. Nenda na siti na usukani wenyewe, ukae, apime mguu wako hapo hapo. Ukikanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjwa kidogo. Ukishika usukani kwa juu, mgongo usitoke kwenye siti. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, si wiki ijayo.

Ukiwa huna uwezo huo bado, funga kamba imara kutoka miguu ya kiti mpaka ubao wa pedali. Haipendezi machoni, lakini inashika. Na unayeishi ghorofani Mji Mkongwe, kwenye sakafu ya boriti, tandika mpira mzito chini ya fremu. Kila breki yako inasikika kwa jirani wa chini.

Kijiti cha gia kisubiri. Magari mengi ya mbio hubadilishwa gia kwa vibao vilivyo nyuma ya usukani, na G29 inavyo.

Hatua ya 4: Skrini

Isogeze karibu, mara tu nyuma ya usukani, usawa wa macho. Pima kwa futi umbali wa jicho hadi skrini, uingize kwenye kikokotoo cha upana wa mwono; viko vya bure mtandaoni. Jibu lake liweke kwenye mipangilio ya gemu, kama gemu linaruhusu, na kona zitaonekana zilivyo.

Hatua ya 5: Intaneti na umeme

Seva nyingi, yaani kompyuta zinazotuunganisha wachezaji, ziko Ulaya, kwa hiyo kuchelewa hakuepukiki. Fanya hesabu: gari la kilomita 180 kwa saa linakata mita 50 kila sekunde. Taarifa ikichelewa milisekunde 200, gari limeshasogea mita 10, na gemu linabahatisha lilipo. Kwa hiyo mwachie wa mbele nafasi zaidi kuliko unavyoona inatosha. Kuchelewa kusikobadilika kunavumilika; kunakopanda na kushuka ndiko kunakosababisha ajali. Tumia waya kutoka ruta badala ya Wi-Fi, ruta ya 4G iwekwe dirishani, na simu za nyumbani zisipakue video wakati huo.

Umeme ukikatika, mbio zimekwisha. UPS ndogo (betri ya akiba) ya kompyuta na ruta inakupa muda wa kuingiza gari pembeni na kuzima kwa utaratibu.

Hatua ya 6: Monza peke yako

Chukua gari moja na kiwanja cha Monza cha Italia, ambacho kipo kwenye magemu yote matatu niliyoyataja. Kina kilomita 5.793 na kona 11, na baada ya mstari mrefu wa kuanzia unakuja mpindo mkali wa kulia na kushoto. Tafuta alama ya pembeni, kanyaga breki kwa nguvu palepale, kisha iachie taratibu kadiri unavyokata kona. Wengi hufanya kinyume, wakaanza kwa upole na kumalizia kwa hofu. Usihamie kiwanja kingine mpaka uweze kwenda raundi kumi mfululizo bila kutoka nje.

Hatua ya 7: Mbio za kwanza

Saa mbili usiku ya Ulaya ya kati kwetu ni saa nne usiku majira yao ya baridi, na saa tatu majira yao ya joto. Huo ndio wakati seva zinajaa. Anza nyuma kabisa. Kwenye ule mpindo wa kwanza wa Monza funga breki mapema kuliko ulivyozoea, waache wagongane mbele yako, upite. Gran Turismo 7 na Competizione zote zinakupa alama za usafi wa uendeshaji, na alama hizo zinachangia kuamua utashindana na nani. Ukigongwa, usilipize, hifadhi marudio ya mbio, uyatazame ukiwa ndani ya gari la aliyekugonga, ndipo utajua kama ulimwachia nafasi.